Kaburi la rubani Seki na mama yake

Mtu akipita katika makaburi ya inchi ya Japani, hata katika kijiji kidogo cha mlimani, ataona mawe ya namna mbili. Yaliyo mengi ni mawe ya jamaa: jiwe moja la nyumba nzima, limechongwa jina la ukoo, na chini yake pana shimo lenye vyungu vya babu, bibi, baba na mama, kwa kuwa huko wafu huchomwa moto, kisha mifupa iliyobaki hutiwa katika chungu. Lakini kando ya hayo ataona mara nyingi jiwe lingine, refu, jembamba, la pande nne, na kichwa chake kimechongwa ncha. Hilo ni jiwe la askari. Mbele yake yameandikwa cheo na jina. Ubavuni siku aliyokufa, pahali alipofia na umri wake: miaka 19, miaka 22, miaka 23. Na nyuma, jina la mtu aliyelisimamisha. Hilo ndilo jina linalotufanya tusimame, kwa maana mara nyingi ni jina la baba. Desturi ya Wajapani, sawa na ya watu wote, ni kwamba mtoto amzike mzazi.

Tena chini ya jiwe hilo mara nyingi hamna mtu. Wakati wa vita serikali ilikuwa ikipelekea kila jamaa sanduku dogo la mti lililofungwa kitambaa cheupe. Mwanzo mlikuwa na majivu ya askari kweli. Baadaye, watu walipokufa kwa maelfu katika visiwa na baharini, wazazi walifungua sanduku wakakuta kijiwe, au mchanga kidogo, au karatasi yenye jina tu. Katika Wajapani 2,400,000 hivi waliokufa vitani nje ya inchi yao, mifupa ya zaidi ya 1,100,000 haijarudi mpaka leo. Marubani waliojua wazi kwamba hawatarudi walikata nywele na kucha zao, wakazitia ndani ya bahasha pamoja na barua. Katika nyumba nyingi ni bahasha hiyo iliyozikwa.

Juu ya marubani hao, ambao ulimwengu unawaita kamikaze, maana yake upepo wa kimungu, watu wamesema mengi. Wengine husema walikuwa wazimu, wengine mashujaa. Sisi tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya mmoja wao, yule wa kwanza kuitwa kiongozi wao, na ya mama yake, kwa sababu hapo inaonekana jambo ambalo vitabu vya vita hulipita upesi: maiti ya kijana aliyeuawa kwa amri ya serikali ni ya nani? Ni ya serikali, au ni ya yule aliyemzaa?

Jina lake Seki Yukio. Seki ni jina la ukoo, Yukio ni jina lake mwenyewe. Wajapani hutanguliza ukoo. Alizaliwa mwezi wa 8 mwaka wa 1921 huko Saijo, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Ehime, kisiwa cha Shikoku. Akaingia chuo cha maofisa wa bahari huko Etajima mwaka wa 1938, akatoka mwaka wa 1941, mwezi mmoja tu kabla Japani haijawashambulia Wamarekani. Akajifunza kurusha ndege za kuangusha mabomu. Mwezi wa 5 mwaka wa 1944 akaoa. Miezi minne baadaye alikuwa katika inchi ya Filipino, kwenye uwanja wa Mabalacat, kisiwa cha Luzon, na mama yake amebaki Saijo.

Mwezi wa 10 mwaka ule Wamarekani walikuwa wanakaribia. Tarehe 20 walishuka katika kisiwa cha Leyte. Usiku uliotangulia, Onishi Takijiro, jemadari wa bahari, alikuwa amefika Mabalacat akatoa shauri lake: ndege ndogo za Zero zifungwe bomu la kilo 250, na rubani aipige merikebu ya adui kwa ndege yenyewe. Marubani vijana wa pale wakakusanywa, nao wakakubali. Lakini alihitajiwa kiongozi, tena wakubwa walitaka awe mtu wa chuo cha Etajima, ili isisemwe kwamba wanaotumwa kufa ni watoto wa watu wadogo tu. Ofisa mmoja aliyeitwa Tamai akamwamsha Seki usiku, akamweleza.

Hapa mwanafunzi wa historia atege sikio, kwa kuwa mashahidi hawapatani. Maofisa wawili waliokuwa katika mambo hayo walitoa kitabu mwaka wa 1951. Nao wanasema Seki aliinamisha kichwa kitambo kidogo, kisha akajibu kwa sauti thabiti kwamba wampe yeye kazi hiyo. Wengine walisema baadaye kwamba aliomba kwanza afikiri. Tena yuko mwandishi wa habari aliyezungumza naye uwanjani siku hizo, naye anasimulia maneno ya namna nyingine kabisa: ya kwamba Japani imekwisha ikiwa inamwua rubani mzuri kama yeye; kwamba yeye anaweza kulipiga sitaha ya merikebu kwa bomu na kurudi mzima; na kwamba haendi kwa ajili ya Mfalme wala kwa ajili ya dola, anaenda kwa ajili ya mke wake. Maneno hayo hayakuweza kuchapwa wakati wa vita.

Tumwamini nani? Tukumbuke ni nani anayesema, na ana faida gani. Wale waliotoa amri walihitaji kijana aliyekubali. Bila yeye, wao ni wauaji. Mwandishi wa habari hakuhitaji kitu. Lakini hata tukipokea ushahidi wa wale maofisa neno kwa neno, askari anayeamshwa usiku na mkubwa wake, katika jeshi lile, anaombwa au anaamriwa? Aliyewahi kuishi chini ya amri kali anajua jibu.

Liko neno moja ambalo halina shaka, kwani lipo katika barua aliyoacha. Seki alimwomba mama yake wa Saijo msamaha: kwamba tangu utoto amemtia taabu tu, na kwamba hakumtimizia wajibu wa mwana kwa mzazi.

Kikosi chake kiliondoka mara kadha, kikarudi bila kumwona adui. Tarehe 25 Oktoba 1944 ndege tano zikaziona merikebu za Marekani karibu na kisiwa cha Samar. Ndege moja ikaanguka juu ya St. Lo, merikebu ndogo ya kubebea ndege; moto ukafikia mabomu na makombora yaliyokuwa ndani, na baada ya nusu saa hivi ikazama. Watu zaidi ya 100 wakafa nayo. Kama ndege ile iliendeshwa na Seki mwenyewe au na mwenzake, wenye elimu wanashindana hata sasa. Serikali ya Japani haikuchelewa kushindana: siku tatu baadaye ilitangaza jina lake inchi nzima, ikampandisha cheo mara mbili, na magazeti yakamwita gunshin, maana yake mungu wa vita. Alikuwa na miaka 23.

Basi watu wakamiminika kwa mama. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba mbele ya nyumba iliwekwa nguzo yenye maandiko ya kuonyesha kwamba hapo ndipo nyumba ya mungu wa vita. Wageni waliinama mbele ya mlango. Wakubwa wa mji, walimu na watoto wa shule, wote walikuja kumsifu mjane aliyemtoa mwana wake wa pekee. Kulia mbele ya wageni hao kulikuwa vigumu, maana mama wa shujaa hatakiwi kulia. Wazee wetu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini serikali ile ilitaka mzazi aujue moyoni bila kuutoa.

Pale Tokyo kuna hekalu la Yasukuni. Lilianzishwa mwaka wa 1869, na jina hilo lilipewa mwaka wa 1879. Majina zaidi ya 2,460,000 ya waliokufa kwa ajili ya Mfalme yameandikwa humo, nao huabudiwa kama kami, ndio mizimu mitakatifu ya dini ya Shinto. Angalieni vizuri: humo hamna mfupa hata mmoja. Hekalu halihitaji mwili, linahitaji jina. Kaburi la jamaa ni kinyume chake. Linataka mwili, na likiukosa linachukua nywele. Siku za Obon, mwezi wa 8 katika majimbo mengi, watoto na wajukuu huja kuosha jiwe kwa maji, kuweka maua na kuwasha ubani. Yasukuni hakuna anayeosha kitu.

Wasomaji wetu watauliza Wakatoliki wa Japani walifanya nini mbele ya hekalu hilo. Mwaka wa 1932 wanafunzi Wakatoliki wa chuo kikuu cha Sophia, cha mapadri Wayesuiti huko Tokyo, walipelekwa Yasukuni pamoja na ofisa wa jeshi, na baadhi yao wakakataa kuinama. Jeshi likakasirika, likamwondoa ofisa wake chuoni, na magazeti yakawashambulia Wakristu kama wasaliti. Maaskofu wakauliza serikali maana ya ibada ile; serikali ikajibu kwamba ni heshima ya raia kwa inchi yao. Tarehe 26 Mei 1936 Propaganda Fide huko Roma ikatoa maagizo: Wakristu waweza kuhudhuria, kwa kuwa matendo hayo sasa yanahesabiwa kuwa alama ya upendo wa inchi na ya utii kwa Mfalme.

Maagizo hayo yaliliokoa kundi dogo katika saa ya hatari, nasi hatuna haki ya kuwadharau walioyaomba. Lakini tuseme wazi tunavyoona. Tofauti kati ya ibada na heshima ya raia ilieleweka vizuri juu ya karatasi. Miaka minane baadaye, mbele ya nyumba ya mjane wa Saijo, palikuwa na nguzo inayomwita mwanawe mungu, na wala si padri wa Shinto aliyeamuru hivyo; ni ofisi za serikali na magazeti yake. Hapo raia ni yupi na mwabudu ni yupi?

Wala jambo hili halikwisha pamoja na vita. Mwaka wa 1968 askari mmoja wa Japani alikufa kwa ajali ya barabarani akiwa kazini. Mke wake alikuwa Mkristu Mprotestanti. Akayaweka majivu ya mumewe kanisani. Chama cha askari wa zamani kikamwandikisha marehemu katika hekalu la jimbo la Yamaguchi, dada wa Yasukuni, mjane hataki. Akashtaki. Akashinda mara mbili, lakini mwaka wa 1988 Baraza Kuu la Hukumu la Tokyo likampa kosa: avumilie dini ya wengine. Majivu yalibaki naye, jina likachukuliwa.

Turudi Saijo. Tarehe 15 Agosti 1945 Mfalme alitangaza kwamba Japani imeacha vita. Mabomu mawili yalikuwa yamekwisha kuangushwa juu ya Hiroshima na Nagasaki. Na madini ya bomu la Hiroshima yalitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga, yakachimbwa kwa mikono ya watu wasioambiwa ni ya kazi gani. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Onishi akajipasua tumbo, akaacha barua ya kuwaomba msamaha marubani aliowatuma na jamaa zao.

Barua haikumlisha mtu. Wamarekani walioitawala Japani wakafuta malipo ya jamaa za askari mwezi wa 2 mwaka wa 1946. Hawakufanya hivyo kwa chuki tu. Walitaka kuvunja jeshi lililokuwa limeishika inchi kooni. Tarehe 15 Desemba 1945 walikuwa wamekwisha kutenga serikali na dini ya Shinto, na mwaka uliofuata wakakataza serikali kuwafanyia wafu wa vita mazishi ya heshima na kuwasimamishia minara. Kwa hekima ya utawala, tunaelewa. Lakini sheria ile ilipofika mlangoni pa mjane, iliukuta mkono mtupu. Na watu wa mji? Wale waliokuwa wakiinama sasa walimpita bila salamu. Kijana aliyekuwa mungu akawa fedheha, na mama yake akawa mama wa fedheha. Wanasimulia kwamba alitembeza vyakula alivyopika mwenyewe akiuza, kisha akapata kazi ya utumishi katika shule ya watoto, ya kufagia na kuchemsha chai, na kwamba wanafunzi walimpenda.

Malipo ya jamaa yalianza kurudi mwaka wa 1952, Wamarekani walipoachia utawala, na sheria ya zamani ya malipo ya jeshi ikarudishwa mwezi wa 8 mwaka wa 1953. Mama Seki alikufa mwaka huohuo wa 1953. Wanasema neno aliloacha ni kuomba kwamba Yukio apate walau kaburi.

Hebu tulipime ombi hilo. Mwana huyu alikuwa na cheo cha juu, jina lake lilisomwa katika kila gazeti la inchi, ameitwa mungu. Na mama yake miaka tisa nzima hakuwa na uwezo wa kununua jiwe. Wala hakuomba mnara. Aliomba kaburi, kitu ambacho fundi wa kijiji angalimchongea mtu yeyote aliyekufa kwa homa.

Sasa mwanafunzi wa teolojia atanyosha mkono: lakini mtu huyu alijiua. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1917, kanuni ya 1240, iliwanyima maziko ya Kanisa wale waliojiua kwa kusudi. (Sheria ya mwaka wa 1983 haiwataji tena.) Swali ni la haki, na si jipya. Katika kitabu cha kwanza cha Makabayo tunasoma habari ya Eleazari aliyeingia chini ya tembo wa vita, akamchoma, na tembo akamwangukia akafa; Mtakatifu Ambrosi alimsifu. Samsoni aliziangusha nguzo akafa na Wafilisti. Mtakatifu Augustino alimtetea kwa kusema kwamba alikuwa na amri ya siri ya Roho. Walimu wa maadili husema: Eleazari alitaka kufa kwa tembo, si kufa kwake mwenyewe, kifo kilimfuata.

Kwa Seki haiko hivyo. Bomu lilifungwa ndegeni, na mwili wa rubani ndio uliokuwa usukani wa bomu. Kifo si kitu kilichofuata njia. Ndicho njia yenyewe. Kwa hiyo hatuwezi kulihesabia haki tendo hilo, na hatutafuti kufanya hivyo. Ila mwalimu wa maadili akiishia kwa kijana tu, amefanya nusu ya kazi. Augustino aliuliza ni nani aliyeamuru. Kwa Samsoni alijibu, Roho. Huku Mabalacat, aliyeamuru alikuwa jemadari, na nyuma yake wakubwa wa Tokyo waliojua vita imeshindwa. Kujiua ni tendo la hiari. Tukiondoa hiari, hata kwa nusu, neno jipya latakiwa, na neno hilo litawaangukia wengine.

Hata Wakristu walikuwamo katika marubani hao, karibu 4,000 kwa jumla waliokufa hivyo. Hayashi Ichizo wa Fukuoka, Mprotestanti, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kyoto, alikufa karibu na Okinawa tarehe 12 Aprili 1945. Barua zake kwa mama yake zilichapwa baada ya vita. Anamwambia kwamba ataruka na Biblia na kitabu cha nyimbo za Kanisa ndegeni, na picha ya mama kifuani. Hakuona, au hakuruhusiwa kuona, kwamba vitu alivyobeba na kazi aliyotumwa havipatani. Tusomapo barua hizo tunasikia mtoto anayeogopa kumhuzunisha mama, hatusikii mwenye wazimu.

Mwaka wa 1975 Saijo ilimkumbuka Seki. Katika hekalu la Narimoto likasimamishwa jiwe kubwa la ukumbusho, kwa maandiko ya Genda Minoru, aliyekuwa ofisa mashuhuri wa ndege za bahari na baadaye mjumbe wa baraza la serikali. Kila tarehe 25 Oktoba watu hukusanyika hapo. Marubani wenzake wanne wa siku ile wanakumbukwa pamoja naye. Mmoja wao, Oguro Shigeo, alitoka mji jirani wa Niihama. Ni kazi nzuri, na imefanywa na watu wenye moyo. Lakini ni mnara, na umejengwa hekaluni. Unasimulia merikebu iliyozama. Yule aliyeomba kaburi alikuwa amekufa miaka 22.

Upande wa pili wa bahari mambo hayakuwa tofauti sana. Watu wa St. Lo waliozama nayo hawana maziko. Manila, katika makaburi makubwa ya Wamarekani, kuna kuta za mawe zenye majina zaidi ya 36,000 ya wale ambao mwili wao haukuonekana, na kwa askari wa bahari ndivyo ilivyo mara nyingi. Wazazi wengi wa Marekani hawakuweza kusafiri mpaka huko. Wakanunua jiwe, wakalisimamisha kwao karibu na kanisa, kando ya babu na bibi, wakaandika jina, siku, na neno moja la kuonyesha kwamba chini yake hamna kitu.